Jiwe Lililojengwa na Majimoto: Namna ya Kuichagua, Kuitandika na Kuitunza Travatini

Kama unajenga au unakarabati nyumba na umeanza kuzunguka kwenye maduka ya vigae, bila shaka umeshaoneshwa jiwe la rangi ya krimu au kahawia nyepesi, lenye mistari laini na vitundu vidogo vidogo usoni. Hiyo ni travatini. Wakazi wa Dar es Salaam jina lenyewe wamelizoea kwa sababu ya hoteli ya Magomeni iliyovuma kwa taarabu, lakini jiwe lenyewe wengi hukutana nalo kwa mara ya kwanza dukani. Muuzaji atakwambia ni marumaru ya Italia au ya Uturuki, atakutajia bei iliyo mara kadhaa ya kigae cha kawaida, kisha atakuhakikishia kwamba ni jiwe la kudumu maisha. Kudumu linadumu kweli. Ila linadumu kwa masharti, na masharti hayo hayaandikwi kwenye boksi.

Habari njema ni kwamba masharti yote yana asili moja. Travatini imejengwa na maji yaliyokuwa yamebeba chokaa. Maji yalipoipoteza asidi yake, jiwe likaota. Asidi ikirudi, jiwe huliwa. Mwenye kulishika hilo hana haja ya kukariri orodha ndefu ya makatazo, kwa maana karibu kila ushauri utakaoupata humu unatoka hapo. Kwa hiyo tuanzie kwenye chemchemi kabla hatujafika dukani.

Mvua inapopenya ardhini hukutana na hewa ukaa, ile inayotolewa na mizizi na viumbe vya udongoni, au ile inayopanda kutoka chini kabisa penye joto la volkano. Maji yakichanganyika na hewa hiyo huwa na asidi hafifu. Yakipita kwenye mwamba wa chokaa huuyeyusha kidogo kidogo na kuondoka nao. Huko chini, penye mgandamizo mkubwa, yanaweza kubeba chokaa nyingi na bado yakawa maangavu kabisa. Yakitokeza juu, mgandamizo hupungua ghafla, hewa ukaa hutoroka, na maji hayawezi tena kuushikilia mzigo wake. Chokaa hujitenga na kuganda juu ya chochote kilicho karibu: changarawe, jani, kijiti, ukingo wa dimbwi. Anayeishi kwenye maji magumu analijua jambo hili kwa gamba jeupe linaloota ndani ya birika. Madini ni yaleyale, kalsiamu kaboneti.

Gamba la leo hufunikwa na la kesho. Penye maji mengi na ya moto, jiwe linaweza kuongezeka sentimita kadhaa kwa mwaka, kasi kubwa mno ukiilinganisha na miamba mingine. Huko Bagni San Filippo, katika jimbo la Toscana nchini Italia, mafundi wa karne ya 18 waliweka kalibu chini ya maji ya chemchemi wakayaacha yafanye kazi. Baada ya muda walibandua picha za mchongo zilizotengenezwa na maji yenyewe. Vile vitundu unavyoviona kwenye kigae vina historia hiyohiyo. Vingine ni mapovu ya gesi yaliyonaswa safu ilipokuwa inaganda. Vingine ni mahali palipokuwa na unyasi au jani. Mmea ulioza, umbo lake likabaki tupu. Rangi nazo huletwa na maji: chuma huleta dhahabu, kahawia na wekundu, na chokaa isiyo na uchafu hubaki nyeupe. Mistari unayoipenda ni kumbukumbu ya maji yaliyobadilika wingi, joto na tope, msimu baada ya msimu.

Si kila majimoto huzaa travatini. Chemchemi zinazolisha Ziwa Magadi nchini Kenya zimejaa sodiamu, kwa hiyo zinachoacha ni magadi. Kule Yellowstone, Marekani, chemchemi maarufu ya Old Faithful huacha silika, madini ya jamii ya kioo, ilhali Mammoth Hot Springs, ndani ya hifadhi hiyohiyo, imejenga ngazi nzima za travatini kwa sababu maji yake hupita kwanza kwenye mwamba wa chokaa. Njia ya maji chini ya ardhi ndiyo inayoamua.

Nasi Afrika Mashariki tunayo. Katika bonde la mto Songwe, magharibi ya jiji la Mbeya, majimoto yamelaza tandiko kubwa la travatini, na mawe hayo yamekuwa malighafi ya kiwanda cha saruji kilichopo hapo Songwe. Mashyuza, karibu na Bugarama katika wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi mwa Rwanda, hali ni hiyohiyo: chemchemi za moto, travatini, na kiwanda cha saruji cha CIMERWA. Inawezekana kabisa kwamba mtu wa Mbeya au Rusizi anayetafuta vigae vya travatini kutoka ng'ambo tayari anaishi ndani ya kuta zilizojengwa kwa jiwe hilo likiwa limesagwa na kuchomwa.

Kisa cha Oman nakileta kwa sababu kinapindua mambo. Katika milima ya kaskazini ya nchi hiyo maji hupita kwenye mwamba mweusi uliotoka chini ya gamba la dunia, yakatokeza yakiwa na kalsiamu nyingi lakini karibu hayana hewa ukaa kabisa, na ukali wake ni wa magadi, si wa asidi. Hapo maji hayatoi hewa ukaa. Yanaifyonza kutoka angani, na travatini nyeupe hutanda juu ya vidimbwi. Ndiyo maana wanasayansi wanaohangaika na joto la dunia huifuatilia milima hiyo kwa karibu sana.

Lakini travatini inayofika madukani kwetu kwa kawaida hutoka mbali zaidi: Italia, Uturuki, Iran. Ya Kiitalia iliyo maarufu kuliko zote hutoka Tivoli, mashariki kidogo ya Roma, penye chemchemi za kiberiti ambamo watu huoga mpaka leo. Ya Uturuki nyingi hutoka mkoa wa Denizli, ambako pia ndiko iliko Pamukkale, genge jeupe la karibu mita 200 lenye vidimbwi vilivyopangana kama ngazi. Pamukkale haichimbwi. Pamoja na magofu ya mji wa Hierapolis iliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1988, na hoteli zilizokuwa zimejengwa juu yake na kuyatumia maji ya chemchemi zilibomolewa. Siku hizi wageni huvua viatu kabla ya kukanyaga, na maji hugawiwa kwa zamu ili weupe usife. Ukienda Songwe au Mashyuza fanya adabu hiyohiyo: usivunje kipande cha kumbukumbu, wala usisogelee ukingo wa maji ya moto, kwani ganda la juu laweza kuwa jembamba na chini yake pana maji ya kuunguza.

Sasa tuje kwenye uthabiti wa travatini. Warumi ndio waliolijaribu jiwe hili kuliko watu wote. Nguzo na matao ya nje ya Colosseum, uwanja uliofunguliwa mwaka 80, ni travatini ya Tivoli. Mawe yake makubwa yalishikamanishwa kwa vibanio vya chuma bila saruji, na yale matundu unayoyaona kwenye picha za uwanja huo ni mahali watu wa zama za baadaye walipochokoa chuma hicho. Miaka zaidi ya 1,900, matetemeko na wizi wa mawe, na bado umesimama. Vitruvius, mhandisi wa Kirumi aliyeandika kabla ya Colosseum kujengwa, alishaeleza kwamba jiwe la Tivoli huvumilia uzito na hali ya hewa lakini haliwezi moto. Alikuwa sahihi. Likipata joto kali hupasuka, na likifika nyuzi 800 hadi 900 za Selsiasi huanza kugeuka chokaa kabisa. Usilitumie ndani ya jiko la kuni, kwenye tanuri wala mahali pa kuchomea nyama panapoguswa na moto.

Baada ya Warumi, msanifu majengo Bernini aliujengea uwanja wa Mtakatifu Petro pale Vatikani nguzo 284 za travatini kati ya mwaka 1656 na 1667. Na mwaka 1997 ilifunguliwa Getty Center, makumbusho ya Los Angeles iliyochorwa na Richard Meier, ikiwa imevikwa tani 16,000 za travatini kutoka Bagni di Tivoli. Kwenye jengo hilo mawe hayakukatwa kwa msumeno tu. Mengi yalipasuliwa ili uso ubaki na mikwaruzo yake ya asili, na mpaka leo mgeni akikaribia ukuta huona majani ya kale yaliyogeuka mawe. Mimi naona huo ndio uzuri halisi wa travatini, na ndiyo sababu simshauri mtu kuinunua kisha akaifanya ing'ae mpaka ifanane na kigae cha kiwandani.

Unapoingia dukani, jambo la kwanza ni kujua kama unachooneshwa ni jiwe. Siku hizi vigae vya porseleni huchapishwa sura ya travatini kwa ustadi mkubwa, na si vibaya. Kwa nyumba nyingi ndivyo vinavyofaa zaidi. Ubaya ni kulipia jiwe ukapewa picha yake. Angalia ubavu wa kigae: jiwe la kweli lina mistari na vitundu vinavyoendelea mpaka ndani na kutokea mgongoni, ilhali porseleni ina rangi moja ndani na picha juu tu. Fungua boksi zima uvipange vigae kumi chini. Kama doa lilelile linajirudia mahali palepale kwenye vigae viwili au vitatu, hiyo ni chapa. Kisha omba kipande kilichovunjika udondoshee ndimu au siki mgongoni. Travatini itatoa povu dogo papo hapo, maana hewa ukaa iliyofungwa ndani ya chokaa inatoka. Porseleni na matale hazifanyi hivyo. Marumaru na mawe mengine ya chokaa yatatoa povu pia, kwa hiyo kipimo hiki kinakuthibitishia jamii, na vitundu ndivyo vinavyokupa jina.

Kipimo cha pili kinahitaji subira, lakini ni cha thamani kuliko maneno yote ya muuzaji. Chukua kipande, kianike mpaka kikauke kabisa, kipime kwa mizani ya jikoni, kizamishe ndani ya maji kwa siku mbili, kifute juujuu, ukipime tena. Viwango vya Marekani vinataka travatini ya ujenzi isinyonye maji zaidi ya asilimia 2.5 ya uzito wake. Kipande cha gramu 1,000 kikitoka kwenye maji kikiwa na gramu 1,015, endelea na mazungumzo ya bei. Kikifika 1,040, hilo ni jiwe laini lenye uwazi mwingi ndani. Linaweza kupamba ukuta wa sebuleni, lakini usilikanyage wala usiliweke panapoloa. Kisha kigonge kigae kikavu kwa kipande cha chuma au ufunguo. Kizima hulia, chenye ufa uliojificha hutoa sauti iliyokufa.

Ugumu wake usikudanganye. Katika kipimo cha Mohs kinachoanzia 1 hadi 10, kalsaiti, madini yanayounda travatini, ina ugumu wa 3. Kisu hulikwaruza. Mchanga wa pwani, ambao kwa sehemu nyingi una kwatzi yenye ugumu wa 7, hulikwaruza zaidi. Kwa nyumba iliyo karibu na ufuko, kikanyagio kizuri mlangoni na bomba la kunawia miguu nje vitalilinda jiwe kuliko dawa yoyote utakayouziwa.

Waulize pia wamelikata vipi. Bamba lililokatwa kupitisha safu huonesha mistari mirefu iliyonyooka. Lililokatwa sambamba na safu huonesha mabaka kama mawingu. La mistari linapendeza ukutani na kwenye korido ndefu, ila likikatwa jembamba huweza kuvunjika kufuata mstari. La mawingu huficha uchafu zaidi sakafuni. Na usichanganye mikato hiyo miwili chumba kimoja. Hakuna fundi atakayeweza kuifanya ipatane.

Kuhusu uso, nitakupa msimamo wangu bila kuzunguka. Uliong'arishwa mpaka ukawa kioo uache, labda kwa ukuta. Sakafuni utateleza ukiloa na kila tone la ndimu litaacha alama inayoonekana kutoka mlangoni. Uliosuguliwa ukawa laini bila kung'aa ndio wa kuuchagua kwa ndani ya nyumba, na vitundu vyake viwe vimejazwa. Uliosuguliwa kwa brashi ya chuma, au ule ambao vigae vyake vimezungushwa kwenye pipa la kokoto mpaka pembe zikalika, ndio wa barazani, uani na kandokando ya bwawa la kuogelea, kwa sababu mguu unashika. Hapo nje vitundu viache wazi. Kijazo cha plastiki hugeuka manjano juani na kubanduka, na cha saruji huchomoka baada ya mvua na jua kupokezana kwa misimu kadhaa.

Sifa moja ya travatini ambayo watu wa nchi za joto tunaipata bure ni ubaridi wake chini ya mguu. Ya rangi nyepesi haifyonzi jua kwa ukali, na saa nane mchana kando ya bwawa utaikanyaga peku mahali ambapo jiwe jeusi lingekurudisha kivulini. Kwa baraza la pwani ni jiwe zuri mno. Angalia tu mambo mawili. Bwawa la maji ya chumvi hulila jiwe polepole: chumvi huingia na maji, maji hukauka, chumvi hubaki ndani ikikua na kusukuma, na uso huanza kumeguka unga. Na ukuta wa chini wa nyumba ya pwani mara nyingi unapandisha unyevu wenye chumvi kutoka ardhini. Ukibandika travatini juu ya ukuta huo kabla hujaziba chanzo cha unyevu, utayaona mabaka meupe kabla hata rangi ya chumba haijachakaa. Mwenye nyumba ya mawe Lamu au Unguja tayari anaijua shida hii, maana matumbawe na chokaa zilizojenga miji hiyo ni kalsiamu kaboneti vilevile, na chumvi haichagui.

Bafuni inakaa vizuri, ukutani hasa. Ukiitaka sakafuni pia, jihadhari na hina. Hina huingia kwenye vinyweleo vya jiwe, na kwa kuwa wengi huikoroga kwa ndimu, jiwe hupata doa na kuungua kwa wakati mmoja. Andaa mkeka wa nailoni siku za harusi, au kazi hiyo ifanyikie kwenye sakafu nyingine.

Jikoni nakukataza kwenye meza ya kazi. Fikiria kinachopita pale kila siku: ndimu, siki, ukwaju, nyanya, embe mbichi, achari. Vyote ni asidi, na kila kimoja kitaacha kivuli chake. Hata dawa bora ya kuzibia vinyweleo haizuii jambo hili, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapopotoshwa: dawa huzuia mafuta na rangi kuingia ndani ya jiwe, lakini asidi haihitaji kuingia, inaula uso wenyewe. Weka matale kwenye meza na travatini kwenye ukuta wa mbali na sinki kama moyo wako umeshalipenda.

Kuhusu unene na uzito, hesabu hii ipeleke kwa fundi wako. Travatini nzuri ina uzito wa karibu tani 2.5 kwa mita moja ya ujazo. Kigae cha milimita 12 kinakupa kilo 30 kwa kila mita ya mraba, cha sentimita 2 kilo 50, na cha sentimita 3, ambacho ndicho cha kutandika nje panapopita watu wengi, kilo 75. Ukuta wa tofali uliopigwa lipu imara hubeba kigae cha milimita 12 bila wasiwasi. Ukuta wa mbao nyembamba au wa bodi za jasi usiupe mzigo huo kabla mjuzi hajaukagua.

Fundi anayejua vigae vya kawaida si lazima awe anaijua travatini, na tofauti zenyewe si nyingi; ni za kumweleza kabla hajakoroga chochote. Mwambie afungue maboksi yote na kuchanganya vigae, kisha avipange vikavu chini wewe ukiangalia. Jiwe lina rangi za asili, na ukitandika boksi moja baada ya jingine utapata chumba chenye viraka. Mwambie atumie gundi ya vigae nyeupe, maana ya kijivu huonekana kupitia vitundu na kulifanya jiwe lipauke. Gundi ienee mgongo mzima wa kigae. Ile tabia ya kuweka mafungu matano na kukandamiza huacha mapango chini, na siku mguu wa kitanda utakapokaa juu ya pango kigae kitapasuka. Akate kwa msumeno wenye diski ya almasi na maji yakimwagika, avae barakoa. Uani na barazani sakafu iwe na mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, ili maji yasilale. Na kabla ya kujaza mianya kati ya vigae, apake dawa ya kuzibia vinyweleo mara ya kwanza, la sivyo saruji ya kujazia itaingia kwenye kila kitundu na rangi yake haitatoka.

Liko jambo moja ambalo naomba ulisimamie wewe mwenyewe, usimwachie hata msimamizi. Mafundi wengi wakimaliza kutandika vigae huosha mabaki ya saruji kwa asidi. Kwenye vigae vya kauri ni kawaida. Kwenye travatini ni kuiangamiza kazi nzima ndani ya dakika chache: uso uliosuguliwa vizuri hutoka povu, hukwaruzika na kubaki na mabaka, na hakuna namna ya kuurudisha isipokuwa kuleta mashine na kuusugua upya chumba kizima. Mabaki ya saruji yafutwe kwa sifongo na maji safi kabla hayajakauka, kigae baada ya kigae. Liandike hilo kwenye makubaliano yenu, umwoneshe fundi na msaidizi wake, na chupa ya asidi isiingie kwenye eneo la kazi.

Sheria hiyohiyo inaendelea ukishahamia. Dawa za kusafishia choo, siki, na sabuni zilizoandikwa kwamba zinaondoa chokaa zote ni adui, kwa sababu jiwe lako ndilo chokaa yenyewe. Fagia kwa ufagio laini, piga deki kwa maji yenye sabuni kidogo isiyo na asidi, kisha pitisha maji matupu na ukaushe. Kinachomwagika kifutwe papo hapo kwa kukinyonya na kitambaa, si kukisambaza. Doa la mafuta litolewe kwa uji mzito wa baking soda na maji: pandika juu ya doa, funika kwa nailoni mpaka kesho yake, kisha ufagie. Rudia kama doa bado lipo. Doa la binzari hufifia lenyewe likipata jua, kwa hiyo kama ni barazani usihangaike.

Dawa ya kuzibia vinyweleo hudumu kwa kadiri ya matumizi. Usifuate kalenda, dondosha tone la maji sakafuni na usubiri dakika 10. Tone likibaki limekaa juu, dawa bado ipo. Jiwe likiwa jeusi chini ya tone, ni wakati wa kupaka tena. Chagua ile inayozama ndani ya jiwe na kuacha sura yake ya asili. Ile inayokaa juu kama varnishi hukwaruzika, na unyevu ulionaswa chini yake hauna pa kutokea. Vitundu vipya vitafunguka sakafuni baada ya miaka, hasa penye viti vinavyosogezwa. Hilo ni tabia ya jiwe, wala si ubovu. Vijaze kwa saruji nyeupe iliyotiwa rangi ifanane na jiwe, au kwa gundi maalumu ya mawe, halafu usugue kwa msasa laini.

Kama bajeti haitoshi kwa sakafu nzima, usinunue travatini duni ili ienee. Nunua nzuri kwa sehemu moja inayoonekana: ukuta wa sebuleni, ngazi za mbele, baraza unapokaa jioni. Sehemu nyingine weka porseleni, au jiwe la nyumbani kama la Mazeras, pwani ya Kenya, kwa uani na njia za bustani. Ni jiwe gumu la jamii nyingine, na ndimu hailiumizi.

Ukishaamua, nunua kiasi kinachozidi kipimo cha sakafu kwa asilimia 10, na kama vigae vitakatwa kwa mshazari fanya 15. Vyote vitoke shehena moja, kwa maana mwamba hubadilika rangi kadiri machimbo yanavyosogea na shehena ya mwaka ujao haitafanana na ya mwaka huu. Vigae vitakavyobaki usimpe fundi wala jirani. Vifunge, andika jina la duka na tarehe, uviweke stoo.